Leseni, Ramli na Wito: Tahakiki ya Masharti ya Kazi ya Ushauri Usukumani

Mtu mwenye shida katika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita anayo milango mitatu ya kubisha. Yuko mganga, yuko mchungaji, na yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wote watatu husikiliza habari za ndoa iliyovunjika, binti aliyeozwa kabla ya wakati, mahari yenye ugomvi, na duara la dhahabu lisilotoa kitu baada ya miezi ya jasho. Wote watatu hutoa neno, na neno hilo laweza kumjenga mtu au kumwua jirani yake. Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo moja: ni nani apewe kibali cha kutoa neno hilo kwa ujira, kwa masharti gani, na Kanisa linasimama wapi katika jambo hilo.

Tuanze na mlango wa kwanza, kwa kuwa ndio uliowekewa leseni. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia kazi yao. Nia ilikuwa njema: kumtenga mjuzi wa miti shamba na tapeli. Lakini Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga na sasa imo katika Mkoa wa Geita. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku tena, safari hii ikiwalenga wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alinyakuliwa wilayani Chato, akaonekana amekwisha kufa.

Wako wanaosema kwamba sheria haikusimamiwa vema, na kwamba askari na wakaguzi wangetosha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haifiki kwenye mzizi. Usajili wa mganga unamtazama kama mtu wa dawa. Hata hivyo, mzazi hakumpoteza mtoto wake kwa sababu ya dawa iliyochemshwa vibaya, wala kikongwe mwenye macho mekundu, aliyewekundishwa na moshi wa jiko kwa miaka mingi, hakukatwa panga kwa sababu ya mizizi iliyosagwa. Waliponzwa na neno. Mtu alikwenda na shida ya nyumbani au ya machimbo, akalipa, akaambiwa ni nani adui yake au ni kiungo gani kitamletea utajiri. Kwa hiyo mpiga ramli, tukimtazama kwa kazi na si kwa vazi, ni mshauri wa jamii aliyefungua ofisi binafsi. Anapokea mashauri ya familia, anatafuta chanzo, anatoa uamuzi, anatoza ada. Ni kweli kwamba Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini hiyo huadhibu neno likiisha kutoka. Leseni ilipima dawa, adhabu ikangoja maafa, na katikati hapakuwa na aliyeuliza mapema: wewe unayeshauri, ulifundishwa na nani, na ni nani anayekusimamia?

Swali hilo ndilo hasa linaloulizwa penye masharti ya leseni kwa wanaofanya kazi binafsi ya ustawi wa jamii. Katika majimbo mengi ya Marekani, anayetaka kufungua ofisi yake ya ushauri hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili, kutumikia mara nyingi kama saa 3,000 chini ya msimamizi mwenye leseni, na kushinda mtihani. Afrika Kusini ilitunga sheria ya usajili mwaka 1978, na Zimbabwe mwaka 2001. Tusishangazwe na vyeti. Kiini cha masharti hayo ni mambo mawili: kwamba mshauri amekwisha kufanya kazi mbele ya macho ya mwingine kabla ya kuachwa peke yake na mwenye shida, na kwamba yuko mtu wa kupelekewa malalamiko, mwenye mamlaka ya kulifuta jina lake.

Nchini mwetu chuo cha kufundisha taaluma hii kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, nacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Hata hivyo kwa miongo mingi wahitimu wake walifanya kazi pasipo baraza la kisheria la kuwasajili. Sheria ilielekea zaidi kusajili nyumba: makao ya watoto kwa sheria ya mwaka 1968, vituo vya kulelea watoto mchana kwa ile ya mwaka 1981, kisha yote mawili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni vema nyumba ikaguliwe. Lakini mkaguzi aweza kuhesabu vitanda na vyoo, asijue ni maneno gani mtoto huambiwa mlango ukifungwa. Watoto wenye ualbino waliopelekwa Buhangija, Shinyanga, ili wasiuawe, walihitaji ukuta. Tena walihitaji mtu aliyefundwa kuwapatanisha na wazazi ambao baadhi yao hawakurudi kuwatazama. Kazi hiyo ya pili haipimwi kwa futi za mraba.

Hapa yako mapingamizi mawili yanayostahili heshima. La kwanza ni la mtu wa machimbo. Atauliza: mkidai shahada na mtihani, ni nani atakayekuja kuishi Nyarugusu katikati ya makarasha na vumbi? Masharti makubwa yatawafukuza washauri wema, na mpiga ramli atabaki peke yake na wateja wote. Pingamizi hili ni zito, nalo linatufundisha kutofautisha. Jirani anayemfariji jirani asidaiwe leseni. Shangazi anayemwonya binti wa ndugu yake asidaiwe leseni. Anayetundika kibao, akajiita mtaalamu na kupokea fedha, huyo adaiwe. Tena masharti yaweza kuwa na ngazi, ili mwenye cheti afanye kazi akisimamiwa na mwenye shahada aliyeko Geita mjini au Kahama. Usimamizi ndio usioweza kupunguzwa.

La pili ni la mwanatheolojia. Atasema: mchungaji ameitwa na Mungu, leseni ni jambo la utawala wa dunia. Lakini sisi Walutheri ndio tusioweza kulisema hilo kwa wepesi. Kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kinakataa mtu kufundisha hadharani au kutoa sakramenti pasipo kuitwa ipasavyo. Wito wa moyoni hautoshi. Kanisa hupima, huthibitisha, huweka mikono, na laweza kuondoa. Na Kifungu cha 16 kinatufundisha kwamba taratibu halali za serikali ni kazi njema ya Mungu. Wana wa Skewa katika Matendo 19 walilijua jina la kutumia, ila pepo aliwauliza wao ni akina nani, nao wakakimbia uchi na majeraha. Yule kijakazi wa Filipi katika Matendo 16 alikuwa na ramli yenye faida kubwa, lakini faida haikuwa yake. Ilikuwa ya mabwana zake. Paulo alipomweka huru, wao waliona tu kwamba mapato yamepotea. Ndiyo maana ushauri unaouzwa hauna budi kuulizwa ni nani anayefaidika.

Basi kuwekwa wakfu humpa mchungaji mamlaka ya Neno na Sakramenti; hakumpi utaalamu wa kutibu jeraha la mtoto aliyenajisiwa. Mchungaji anayefungua kituo cha ushauri Katoro na kutoza ada ameingia katika kazi nyingine, naye azitii sheria zake. Hata asipofungua kituo, Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mitaa. Vyuo vyetu havina budi kuwafundisha wanafunzi, kabla hawajavaa kola, namna ya kutunza siri ya maungamo na namna ya kutomficha mwovu nyuma ya siri hiyo. Lini wasikilize, na lini wampeleke mtu kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali. Aidha dayosisi zenye sharika machimboni ziwape washauri wao msimamizi, mtu wa kuwauliza kila mwezi wamesema nini na kwa nani. Tukitaka Serikali imwulize mpiga ramli habari ya maneno yake, inatupasa na sisi tukubali kuulizwa.