Taa za Krismasi na Hoja ya Mashimo

Katika miaka hii ya karibuni, kila Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) inapopamba Kampala Road kwa taa za Krismasi, kuna hoja moja inayozitangulia nyingine zote: mbona pesa hizi hazikuziba mashimo ya barabarani? Utaisikia kwenye teksi, redioni, hata ukumbini kabla mhadhiri hajaingia. Anayeitoa hakosi wa kumwunga mkono, kwa sababu hakuna mkazi wa jiji hili ambaye hajawahi kurushwa hadi kichwa kikagonga paa la teksi. Mimi naiona hoja dhaifu. Taa zenyewe sizitetei sana. Ninacholalamikia ni kwamba hoja hii inatuzuia kuuliza swali lenye uzito zaidi.

Kwanza tuipe haki yake. Aprili 2023 mchoraji vibonzo na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu waweke picha za mashimo ya Kampala kwenye mtandao wa Twitter, akayaita maonyesho. Picha zikamiminika, na haukupita muda Rais akaagiza Wizara ya Fedha iipe KCCA shilingi bilioni 6 za matengenezo. Kwa hiyo kulalamika kulizaa kitu. Lakini tazama kilichofanya kazi pale: mashimo yalisemwa kama mashimo, bila kulinganishwa na chochote. Mlinganisho wa taa na mashimo hauna nguvu hiyo, kwa kuwa kilomita moja ya lami hugharimu mabilioni, na barabara kubwa za jiji hujengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukizima kila taa ya Krismasi hutapata barabara ya Bwaise. Ofisa yeyote anaweza kulijibu shutuma hilo kwa sentensi moja, kisha akaenda zake akiwa ameshinda.

Halafu hoja ya mashimo, ukiisikiliza vizuri, ni hoja ya mwenye magurudumu. Inaichukulia barabara kuwa njia ya magari tu. Sasa nani mwingine aliitumia Kampala Road? Januari 2022 KCCA iliwaondoa wachuuzi katika mitaa ya katikati ya jiji, ikawaambia waende masokoni. Mwezi huohuo, tarehe 24, amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa, baada ya kudumu karibu miaka miwili tangu Machi 2020. Maana yake, usiku ulirudishwa kwa wakazi wakati uleule ambapo waliokuwa wakiuishi kwa kuuza gonja, mayai ya kuchemsha na soksi walikuwa wanafagiliwa. Taa za Desemba zilizofuata zinaning'inia juu ya njia za miguu zilizosafishwa kwa namna hiyo. Watu huja na watoto wao, hupiga picha, hufurahi, na sioni aibu kusema kwamba hupendeza. Ila mama wa gonja akitandaza beseni lake chini ya taa hizo, askari wa jiji wanamjia. Hilo ndilo ambalo ningetaka lijadiliwe, na ni nadra kulisikia.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jambo la kuchangia hapa. Baganda huiita Krismasi Ssekukkulu, neno lililotoka katika sikukuu yetu ya Kiswahili. Kwetu sikukuu ni siku yoyote iliyo kuu: Idi, Pasaka, hata siku ya uhuru. Lilipoingia katika Luganda neno likabanwa likawa la siku moja. (Nashangaa kwamba watu wanaodai Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi hula Ssekukkulu kila mwaka bila kutapika.) Nimesema hula, na ndivyo isemwavyo: okulya Ssekukkulu, kula sikukuu. Sikukuu hapa huliwa. Ni kuku, ni mchele, ni nyama iliyonunuliwa kwa mkopo, na mara nyingi huliwa kijijini, maana kufikia tarehe 24 nauli za mabasi zimepanda na jiji limeanza kuwa tupu. Tawi la saipresi lililobandikwa pamba mfano wa theluji husimama sebuleni, lakini hakuna anayesafiri hadi Masaka kwa ajili ya tawi. Taa za barabarani ni kula kwa macho. Siyo kosa, ila kwa mchuuzi aliyefukuzwa ndizo chakula pekee anachokaribishwa.

Miji mingine pia imegombana juu ya mapambo ya sikukuu, na kila mmoja umegombania lake. Brussels mwaka 2012 iliondoa mti wa kawaida katika uwanja wake mkuu, ikasimamisha mnara wa taa; maelfu wakatia saini kupinga, na baadhi wakadai mti umeondolewa ili kuwaridhisha Waislamu. Ugomvi ukawa wa uhamiaji, mti ukawa kisingizio. Roma, mwaka 2017, ilileta kutoka milima ya Alps mti uliogharimu karibu euro 48,000, ukapukutika majani kabla ya Krismasi. Wakazi waliupa jina la utani Spelacchio, yaani aliyenyonyoka, wakamcheka nao meya wao, Virginia Raggi, ambaye walikuwa wamempigia kura wenyewe.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Roma. Kwa Sheria ya KCCA ya mwaka 2010, anayeendesha shughuli za jiji ni mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, na Meya Mkuu tunayemchagua hana mamlaka hayo. Mabishano ya Erias Lukwago na wakurugenzi, kuanzia Jennifer Musisi, tumeyasikia miaka yote. Aliyekasirishwa na taa au na mashimo hana wa kumnyima kura anayehusika hasa. Nadhani ndiyo maana tunarudia sentensi ileile kila Desemba: imekuwa njia ya kutoa pumzi.

Lakini mwanga wenyewe si anasa, na wakosoaji wa taa wamekosea kuuita hivyo. Mwanafunzi anayetoka maktaba ya Makerere saa nne usiku kwenda chumba chake Kikoni, au anayekatiza Katanga kuelekea Mulago, anajua thamani ya taa moja inayowaka. Msichana anajua zaidi. Yeye hutembea huku ameishika simu mkononi, aitumie kama tochi, na wakati huohuo anaogopa kunyang'anywa simu hiyohiyo. Mjadala wa maana ungeanzia kwake na kwa yule wa gonja: taa ziwekwe wapi, ziwake miezi mingapi, na nani aruhusiwe kukaa chini yake. Mkosoaji anayesema "zimeni" na ofisa anayesema "tazameni zinavyong'aa" wote wawili wanazungumzia Kampala Road peke yake, tena kwa mwezi mmoja. Sikukuu zikipita taa hushushwa, na Kikoni huwa kama ilivyokuwa Novemba.