Makopo Matano, Brashi Tatu

Mzee aliikandamiza ncha ya brashi kwenye ukucha wa kidole gumba, akaiachia, akasubiri aone nywele zitakavyorudi. Zilirudi nusu, zikabaki zimeinama. Akaiweka kando, akachukua nyingine. Muuzaji alikuwa ametumwagia brashi thelathini na kitu juu ya kaunta, na tangu tuingie dukani mzee hakuwa ameuliza bei hata ya moja.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi na binti yangu. Binti alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na kwa miezi kadhaa ombi lake limekuwa moja tu, afundishwe kuchora kwa mtindo wa Tingatinga. Huyu mzee ni jirani yetu, na kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka thelathini. Nilimwomba aniandikie orodha ya vifaa vya mtu anayeanza. Akasema, "Orodha mtaiona dukani. Kesho njooni asubuhi, na mjukuu wangu avae viatu vya kutembelea."

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, huko Gerezani, lenye mabati nje na mifuko ya saruji mlangoni. Binti alitazama kushoto na kulia kana kwamba tumepotea njia. Lakini Tingatinga ilizaliwa katika vitu vya namna hii. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vitu alivyoviona kwa mafundi: hadibodi ya kujengea, na rangi ya mafuta ile inayong'aa, iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora miaka minne tu. Vijana aliowafundisha waliishika kazi, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika pale Morogoro Stores, Oysterbay. Kwa hiyo anayeanza hahitaji vichupa vya bei kubwa kutoka ng'ambo. Anahitaji kujua kuchagua katika duka ambalo fundi rangi wa nyumba naye ananunua.

Turudi kwenye brashi. Zilizofaulu mtihani wa ukucha zilibaki tisa. Mzee aliomba maji kwenye kikombe, akazichovya moja moja, akazikung'uta mara moja kwa kifundo cha mkono. Brashi nzuri ya mviringo ikikung'utwa hivyo hukusanya nywele zake yenyewe na kufanya ncha kama ya sindano. Mbovu huchanua, au hugawanyika mikia miwili. Kisha akashika bati linalobana nywele, akalitikisa kwenye mpini kusikiliza kama linacheza, akavuta nywele taratibu kwa vidole viwili. Brashi moja ilitoa nywele tatu. "Hizi," akamwambia binti akimwonyesha kiganja, "zingebaki shingoni mwa twiga wako, na rangi ikishakauka huzitoi." Mwishoni alibakiwa na tatu: bapa ya inchi moja kwa kupaka uwanja wa nyuma, mviringo ya kati kwa kujaza maumbo, na nyembamba sana kwa macho, manyoya na vidoti.

Wahenga wana usemi kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeutumia mara nyingi kumharakisha mtu. Pale kaunteni nilinyamaza, maana huyu alikuwa mkulima aliyelima kwa majembe mabaya miaka mingi, na kila alichokikataa alikuwa na kumbukumbu yake.

Kwenye rangi binti alikuwa na hesabu zake: kijani ya majani, chungwa, zambarau, pinki, kahawia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza makopo matano madogo: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Alisoma kila kopo, akitafuta maandishi yanayosema rangi haina risasi, kwa sababu sumu hiyo humwingia mtu polepole na wachoraji wengi huwa na watoto wanaocheza miguuni pao. Baadaye alilipindua kopo na kulirudisha, sikio likiwa karibu. Rangi iliyokaa sana rafuni hutuama chini ikawa tope zito, na ukilipindua huisikii ikitembea. Kopo la njano lilikuwa kimya. Muuzaji akaleta jingine. Hili mzee aliomba lifunguliwe, akatia kijiti hadi chini, akakoroga, akakiinua. Rangi ilishuka kama uzi mmoja mrefu usiokatika, laini, ikajikunja juu ya rangi nyingine kabla ya kuzama. Akatingisha kichwa kukubali.

Nyekundu, njano na buluu huzaa karibu zote alizozitaja binti. Nyeupe huzifungua na nyeusi huzituliza. Haya yamo katika kitabu chochote cha shule. Yasiyomo ni kipimo, na kipimo nilikiona jioni, nyumbani kwake, juu ya kipande cha kigae cheupe kilichobaki bafuni. Mzee aliweka tone la njano kubwa kama punje ya hindi. Akachukua njiti ya kiberiti, akaigusisha kwenye buluu, ncha tu, akaipeleka kwenye njano. Akakoroga kwa mizunguko midogo. Njano ikageuka rangi ya jani la mgomba likiwa bado limejikunja. Akagusa tena buluu: jani lililokomaa. Mara ya tatu: kijani cha mkorosho. Miguso mitatu, kijani tatu, na hakuna aliyesema neno. "Ukianza na buluu," alisema hatimaye, "utamimina kopo zima la njano kuifukuzia, na hutaifikia."

Kabla ya hapo tulikuwa tumenunua kitambaa Mtaa wa Kongo, katika msongamano wa Kariakoo. Mzee hutaka amerikani, ile pamba ghafi isiyopaushwa. Wapo wachoraji ambao bado wanapenda hadibodi, na upande wake laini ni mzuri kwa rangi hii, ila ni nzito, na kona zake hukatika mgeni akiibeba safarini. Mzee alikiinua kitambaa dhidi ya mwanga wa mlango aone kama nyuzi zimebanana. Akakisugua kwa nguvu kati ya viganja, akafungua mikono: unga mweupe. Huo ni wanga, uliotiwa ili kitambaa kionekane kinene. Kikifuliwa hubaki kama chandarua. Cha pili hakikutoa unga. Akakivuta mshazari, kona kwa kona, kikarudi mahali pake. Tukakata mita mbili.

Mbao za fremu zilikuwa mabaki kutoka kwa maseremala wa Keko. Alizipigilia pembe nne, kisha akapima kwa uzi kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, mpaka uzi ukalingana.

Usiku kitambaa kililowekwa majini ili kinywee kabisa kabla ya kazi. Asubuhi kilipokauka mzee alikitandika chini, akaweka fremu juu yake, na hapo nikaelewa kwa nini wachoraji wazee huizungumzia hatua hii kwa sauti ya chini. Msumari wa kwanza katikati ya upande mmoja. Wa pili katikati ya upande unaoutazama, baada ya kuvuta kitambaa kwa vidole vinne mpaka mkunjo mmoja mnyoofu ukatokea baina ya misumari. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo, na mkunjo ukawa msalaba. Kuanzia hapo alikwenda toka katikati kuelekea kona, msumari mmoja huku, mwenzake kule, akigeuza fremu kila mara, hata mara moja hakumaliza upande mmoja peke yake. Angemaliza upande mmoja kwanza, mikunjo yote ingekimbilia upande wa pili na isingeondoka. Kona alizikunja kama mtu anayefunga zawadi. Alipokwisha, alipiga katikati kwa kucha. Kililia kama dufu. Binti naye akapiga, akacheka.

Sehemu ya kwanza ya binti ilikuwa kupaka rangi ya maji nyeupe, iliyozimuliwa kidogo, ili kuziba vinyweleo vya kitambaa. Mzee alimwachia brashi bapa akakaa pembeni kwenye kigoda. Mkono wa kwanza ulipokauka kivulini, alimpa msasa laini, asugue kwa duara bila kukandamiza, afute vumbi kwa tambara bichi, apake tena. Rangi ya maji hukaa chini na ya mafuta juu yake. Ukigeuza, ya juu hubanduka kama ganda la kitunguu. Siku nzima ilikwenda hivyo, na mwisho wake tulikuwa na kitambaa cheupe kilichovutwa, basi. Binti alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu kisicho na picha.

Kabla hatujaondoka mzee alimfundisha kulaza vifaa. Brashi iliyochanganyia rangi ya mafuta aliizungusha kwenye mafuta ya taa, dirisha likiwa wazi, akaipangusa, akairudia kwa sabuni ya kipande mpaka povu likatoka jeupe, akaichonga ncha kwa ncha za vidole na kuilaza bapa. Kisha makopo. Alikata duara la nailoni, akalilaza juu ya rangi yenyewe hewa isiiguse ikafanya utando, akarudisha kifuniko, akakigonga kuzunguka ukingo kwa kipande cha mbao, gonga fupi fupi, akisikiliza. Binti alifunga manne yaliyobaki. La nyekundu mzee alilirudisha mkononi mwake, akaonyesha sehemu moja ya ukingo, binti akaigonga tena. Ndipo wakayapanga rafuni yote matano kichwa chini, maandishi yakiwa yamepinduka.