Banda la nyoka wapanda miti: anza na pua, si kioo

Huku Malinyi ukisema mamba, mtu anageuka kutazama mto. Nyoka mrefu wa kijani anayeishi juu ya miti, ambaye kwa Kiingereza huitwa mamba, kwetu ni hongo, na huyo pamoja na chatu ndio ninaoulizwa na watu wanaotaka kujenga banda moja la nyoka wengi. Chatu akae na chatu wenzake, hongo na hongo wenzake. Kuwachanganya ni kosa. Na kabla ya tofali la kwanza, kibali: nyoka wa porini yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na pa kubisha hodi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Mgeni akifika bandani hutazama kioo na rangi ya ukuta. Mimi naanza na pua ya nyoka. Nyoka asiyetulia husukuma pua yake kwenye wavu usiku kucha. Kama ni ule wavu wa kuku, waya unamkwaruza, magamba ya pua yanabanduka, mwisho ni kidonda. Kwa hiyo fundi akikuonyesha wavu mpya unaong'aa, mwombe akuonyeshe na nyoka aliyemo. Wavu mzuri una matundu madogo, ni laini ukipitisha kiganja, na ncha zake zimefichwa chini ya vipande vya mbao. Pembeni mwa mlango jaribu kidole chako kidogo: kikipita, mtoto wa hongo naye anapita.

Kisha uliza gamba la mwisho liko wapi. Likiwa limevuliwa zima, kama soksi iliyogeuzwa, toka mdomoni hadi ncha ya mkia, na vile vifuniko viwili vya macho vimo, banda lina unyevu wa kutosha na gome la kujisugulia. Likitoka vipande vipande, banda ni kavu. Masika bonde lote la Kilombero lina unyevu, halitakuambia kitu. Nenda Septemba, mabati yanapowaka na udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa. Hapo utajua kama fundi aliweka nyasi juu ya nusu ya paa, na kama beseni la maji linatosha chatu kujizamisha mwili mzima. Utajua pia kama msingi ulikwenda chini vya kutosha, maana udongo huo ukipasuka, ukuta nao hupasuka.

Matawi ndiyo kazi yenyewe, na ndipo mafundi wengi wanapoanguka. Tunaishi karibu na mashamba ya mitiki, basi fundi anapiga randa mbao ya mtiki mpaka inateleza, anaikaza ukutani, anafurahi. Chatu hawezi kuishika. Yeye hupanda kwa kubana na kujivuta, anahitaji gome. Tawi la mwembe au mkwaju likiwa na gome lake, lenye unene unaokaribia tumbo la nyoka na panda ya kulalia, linashinda mbao zote za dukani. Likazwe kwa bolti, si misumari, kwa kuwa chatu wa mita nne anaweza kupita kilo 30 na hujitupa ghafla. Chatu mdogo hupanda sana. Akikua hupenda zaidi chini na majini, kwa hiyo tawi lake kubwa lisiwe juu mno.

Hongo ni habari nyingine. Ionides, yule bwana nyama wa Liwale anayekumbukwa kama Bwana Nyoka, aliwatafuta juu ya miti kule Newala, ndani ya majani mazito. Mjengee hivyo: vijiti vyembamba vilivyosokotana na majani, kwenda juu, mpaka umtafute ndipo umwone. Hongo anayeonekana mara tu unapotupa jicho amekosa pa kujificha.

Nje ya banda, tazama chini. Kuna usiku siafu waliingia katika banda nililokuwa nalisimamia. Asubuhi tulikuta chatu wawili wachanga wamekufa, macho yameliwa. Tangu siku hiyo silipi fundi ambaye hajazungushia msingi mfereji wa saruji wenye maji, na hakuna tawi wala jani la nje linalogusa ukuta.

Kwa hongo, kwa sababu ya sumu yake, milango iwe miwili yenye chumba kati yake, na ndani kuwe na sanduku la kujifichia lenye mlango wa kuteleza unaofungwa ukiwa nje. Nyoka wote wakishafungiwa humo na kuhesabiwa, ndipo mtu anaingia kufagia. Dawa ya sumu ya hongo iwe imepatikana na hospitali inajua ilipo. Kama haijapatikana, fuga chatu tu. Wanaotaka kuona jinsi nyoka wenye sumu wanavyofugwa waende Meserani, magharibi mwa Arusha, au Bio-Ken ya Watamu, Kenya, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980.

Chakula kila mmoja apewe peke yake, ndani ya sanduku lake. Chatu wawili wakiuma panya mmoja, hakuna anayeachia, na mkubwa anaweza kuendelea kumeza hadi mwenzake. Panya hai asiachwe humo usiku, atamtafuna nyoka. Madume ya hongo hupigana mieleka wakati wa kutafuta majike, kwa hiyo dume liwe moja.

Mwisho, nenda saa mbili asubuhi, kaa kimya nusu saa, hesabu. Ukiwaona nyoka watatu wamerundikana kwenye tawi moja, usifikiri wanapendana. Matawi mengine yana baridi, au yanateleza, au yako wazi mno, na wote wamebaki kugombea hilo moja. Mahali pa kulala panapofaa pazidi idadi ya nyoka, walau kwa pawili. Mwambie fundi aongeze matawi kwanza, nyoka wafuate.