Meli ya Kasanga na Majembe ya Ufipa

Mtu ashukaye kutoka nyanda za juu za Ufipa, akapita Matai hata akafika Kasanga, huwa amefika mahali ambapo kwa miaka mingi watu waliisubiri meli moja. Meli hiyo ni Liemba. Jina lake ni la kale: mwaka 1867 Livingstone aliwasikia wenyeji wa pande hizi wakiliita hivyo ziwa lenyewe.

Maelezo mengi juu ya Liemba huisifu kwa uzee wake. Sifa hiyo twaiona pungufu, kwani uzee hauielezi meli majini. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kisha Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nene. Aliyeizamisha, basi, alikwisha kumfikiria atakayeiibua. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikaanza safari kwa jina la Liemba mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 iliondolewa mitambo ya mvuke ikatiwa injini za dizeli, na katika miaka ya 1990 ikakarabatiwa tena.

Wako waulizao kama meli iliyobadilishwa injini ingali ni ile ile. Swali hilo lamfaa mtunza makumbusho. Mkulima atiaye mpini mpya katika jembe la babake hasemi kwamba amepata jembe jingine, na mchuuzi wa dagaa wa Kasanga hakuwahi kukataa kupanda Liemba kwa sababu haina mvuke.

Na tukitaja jembe, Ufipa haina budi kutajwa. Wafipa walifua chuma chao wenyewe. Tanuru zao ndefu za udongo, ziitwazo malungu, zilijengwa kwa ufundi wa kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru ndogo, ndipo kikafikia nyundo ya mhunzi. Majembe ya bei rahisi kutoka ng'ambo yalipoenea, kazi hiyo ilififia, na katika karne ya 20 ikakoma. Baadhi ya malungu yangali yamesimama porini, yakiliwa na mvua. Hata tukiwa na fedha za kuyatengeneza, nani atakayeyawasha? Tulipoyaacha majembe yale tuliwaacha na mafundi wake, wakazeeka bila wanafunzi.

Hapa ndipo tunapowalaumu waandishi wetu. Watatueleza habari za maofisa wa Kijerumani na wa Kiingereza, lakini makuli, wapiga ribiti na mafundi wa Kigoma walioitunza Liemba tangu hapo hawapewi hata mstari mmoja. Mwanafunzi akisoma vitabu hivyo ataamini kwamba meli ilijitengeneza yenyewe.

Mwaka 2018 Liemba ilisitisha safari zake kwa ubovu. Kasanga ikabaki na maboti ya mbao, ambayo mama mwenye mtoto mgongoni huyapanda kwa hofu pepo za ziwa zinapovuma. Wakati huo wapo waliosema ni afadhali chuma kile kiuzwe kwa uzito. Hatuwashangai, wamelelewa katika zama za ndoo ya plastiki, ambayo ikipasuka hutupwa, wala hakuna wa kuizibia.

Nyuma ya madarasa mengi twaona madawati yamerundikwa, moja limelegea skurubu, jingine limevunjika ubao mmoja. Mwalimu anaweza kumwita seremala wa jirani siku moja, wanafunzi wakamshikia mbao na kumwuliza kila afanyalo, kisha wakaliandika katika madaftari yao, pamoja na jina lake.