"Aina ya Samaki": Kamusi za Kiswahili na Uainishaji wa Wanyama na Mimea

Msomaji afunguaye kamusi ya Kiswahili kutafuta maana ya changu, tewa au kolekole, aghalabu hukuta jibu lile lile: ni aina ya samaki. Akitafuta mkomafi ataambiwa ni aina ya mti. Malalamiko ya kawaida ni kwamba fasili za namna hii ni fupi mno. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini hayagusi kiini cha tatizo. Ufupi si dhambi katika kamusi. Tatizo limo katika neno aina lenyewe, ambalo watunga kamusi wamelibebesha mizigo mitatu kwa wakati mmoja bila ya kumwarifu msomaji.

Yachukuliwe maneno matatu: dodo, kima na papa. Dodo huelezwa kuwa aina ya embe. Nalo, pamoja na ngowe, boribo na batawi, limo ndani ya spishi moja tu, Mangifera indica. Kima huelezwa kuwa aina ya mnyama wa jamii ya nyani. Katika matumizi ya pwani ya Kenya jina hilo huelekea spishi moja mahsusi, Cercopithecus mitis, ijapokuwa wako wasemaji walitumialo kwa upana zaidi. Papa naye ni aina ya samaki. Lakini jina hilo limekusanya spishi zaidi ya 500, tena za oda kadhaa. Basi aina ya kwanza iko chini ya spishi, ya pili ni spishi yenyewe, na ya tatu iko mbali sana juu yake. Mwanafunzi aliyezisoma fasili hizo tatu hana njia ya kulijua hilo.

Wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili wamekwisha kujipatia ngazi zao: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. (Wanasarufi watatabasamu kuona ngeli imeazimwa. Kwao kuku, paka na papa huchukua upatanisho mmoja; kwa mwanabiolojia kila mmoja ana ngeli yake.) Istilahi zipo, ila kamusi za jumla zimechelewa kuzitumia.

Chanzo cha upungufu huu ni cha kihistoria. Krapf mwaka 1882, Madan mwaka 1903 na Johnson mwaka 1939 waliandika kwa ajili ya wageni. Kwao ilitosha kuweka neno la Kiingereza mbele ya neno la Kiswahili, na msomaji akaenda zake akiwa na picha ya mnyama kichwani. Sacleux, ambaye kamusi yake ilianza kutoka Paris mwaka huo wa 1939, alikuwa mwenyewe mkusanyaji wa mimea, na kwa hiyo alijali majina ya Kilatini. Greenway, mtaalamu wa mimea wa kituo cha Amani, alikwisha kutoa orodha nzima ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Kiswahili kilipoanza kujieleza kwa Kiswahili, hasa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, lile neno la Kiingereza liliondolewa, kama ilivyostahili. Lakini mahali pake hapakuwekwa kitu. Mkongojo ulitupwa kabla ya mguu kupata nguvu. Kamusi hiyo ni kazi kubwa ambayo kila mwalimu anaitegemea, na ndiyo sababu upungufu wake umeenea hata katika vitabu vya shule.

Wako watakaosema kwamba lugha yenyewe haina uainishaji wa kutosha, na kwamba mtunga kamusi hawezi kutoa kile ambacho wasemaji hawana. Mikoko ya pwani ya Kenya yatosha kuwajibu. Wataalamu huhesabu spishi tisa za mikoko nchini, na wenyeji wa Lamu wana majina yao: mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), mkandaa (Ceriops tagal), muia, ambao kwingineko huitwa msinzi (Bruguiera gymnorhiza), mchu (Avicennia marina), mlilana (Sonneratia alba), mkomafi (Xylocarpus granatum), na kadhalika. Huyatofautisha kwa mizizi, kwa gome, kwa tunda, na kwa mahali mti unapomea: mlilana hutangulia mbele kuelekea bahari, hali mkoko husimama juu ya mizizi yake mithili ya magongo. Hapa hapana "aina ya mti" isiyojulikana. Panaonekana ujuzi ulio kamili, ambao haukuandikwa tu.

Lenye kuvutia zaidi ni kwamba mkoko ni jina la mti mmoja na pia ni jina la kundi zima. Mkosoaji mwenye haraka angeliita jambo hili mkanganyiko. Lakini wataalamu wa mimea nao hufanya vivyo hivyo: jenasi ya Rhizophora ndiyo iliyoipa jina familia ya Rhizophoraceae. Kile kinachojulikana zaidi hulipa kundi jina lake. Tofauti ni kwamba Kilatini huonyesha ngazi kwa kiishio cha neno, na Kiswahili huiacha ngazi idhihirishwe na muktadha. Kazi ya kamusi ingekuwa kutoa maana mbili, moja pana na moja finyu. Fauka ya hayo, kundi la mikoko la msemaji silo familia ya mwanasayansi. Mkomafi ni wa familia ya mikangazi, Meliaceae. Mchu uko mbali na wote. Msemaji ameyaunganisha kwa sababu yote hustahimili maji ya chumvi na tope. Mgawanyo huo ni sahihi kwa kipimo chake.

Tena, ndani ya biashara ya Lamu umo mgawanyo mwingine unaokatiza ule wa kwanza. Miti iliyokwisha kukatwa hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Pau ya mkoko na pau ya mkandaa zote ni pau. Asiyejua aweza kuyadhania maneno haya kuwa majina ya miti. Kazi iliyoyazaa maneno hayo imepungua: usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, na agizo la kusitisha ukataji la mwaka 2018 liliwasimamisha wakataji kwa muda. Mazio haitadumu midomoni mwa watu wasioishika mikononi, na kamusi iisubiriyo itaikosa.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo ni ya wale wapendao kuisahihisha lugha kwa sayansi. Kwao nyangumi kuhesabiwa miongoni mwa samaki ni ujinga. Wangekumbuka kwamba Linnaeus mwenyewe, mwaka 1735, alimweka nyangumi pamoja na samaki. Hakumhamishia kwa wanyonyeshao hadi toleo la mwaka 1758. Au yatazamwe matumbawe. Sarufi husema matumbawe haya, si hawa. Kwa mjenzi wa pwani ni mawe ya kujengea. Lakini katika Ulaya wasomi waliyahesabu kuwa mimea, na Peyssonnel alipodai katika miaka ya 1720 kwamba ni wanyama, hakusadikiwa upesi. Kamusi haina mamlaka ya kubadili haya yawe hawa. Ina wajibu wa kueleza kwamba jiwe hilo hujengwa na wanyama wadogo.

Isitoshe, Kilatini nacho hakisimami. Migunga ya Afrika iliitwa Acacia kwa vizazi vingi. Mkutano wa wanabotania wa Vienna wa mwaka 2005 uliwaachia Waaustralia jina hilo, na migunga ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Mgunga umebaki mgunga. Kadhalika mwaka 2021 ndovu wa Afrika walitambuliwa na Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Mazingira kuwa spishi mbili, wa nyika na wa msituni. Kiswahili kina majina mawili, ndovu na tembo, na kishawishi cha kugawa moja huku na moja kule ni kikubwa. Kishawishi hicho kipingwe. Kwa wasemaji majina hayo ni ya mnyama mmoja, na istilahi inayoanza kwa kuwanyang'anya watu maana yao haidumu.

Kinachotakiwa basi ni kidahizo chenye sehemu mbili zisizochanganywa: kwanza mahali pa neno katika usemi wa watu, kisha mahali pa kiumbe katika sayansi, pamoja na mwaka wa kamusi ili Kilatini kilichochakaa kijulikane. Mathalani, kima punju: mnyama wa Unguja, mwekundu mgongoni, ahesabiwaye na wenyeji kuwa kima; katika sayansi, spishi Piliocolobus kirkii, jamaa wa mbega kuliko kima. Mistari mitatu imetosha.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 huorodhesha viumbe wanaolindwa kwa majina ya Kilatini. Mvuvi atakayeshtakiwa kwa kumvua papa aliyekatazwa atauliza ni papa yupi. Mkalimani wa mahakama atafungua kamusi.