Kutoka "Tembo Kali" hadi "Mvinyo Mkavu": Uhakiki wa Istilahi za Mvinyo kwa Kuzingatia Lugha ya Makunduchi

Istilahi za mvinyo zimeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Neno mvinyo lina asili ya Kireno. Divai huhusishwa na Kifaransa, nalo limeenezwa zaidi na Biblia za Kiswahili, pamoja na mzabibu, kiriba na shinikizo. Tangu zabibu zistawi Dodoma kinywaji chenyewe kimekuwa cha nyumbani, lakini lugha ya kukieleza ingali ya kuazima. Matini zinazotafsiriwa huandika "mvinyo mkavu" na "mvinyo wenye mwili". Makala haya yanadai kuwa tafsiri sisisi hizo hazikuwa za lazima, na kwamba ushahidi unapatikana mahali pasipotarajiwa: Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa jamii ya Waislamu isiyokamua zabibu.

Kwa msemaji wa Makunduchi, kavu ni samaki au kuni. Kimiminika hakikauki kikabaki kimiminika. Kinachokusudiwa ni mvinyo ambao sukari yake imeliwa na chachu ikaisha. Dhana hiyo ni ya kale pwani. Mgema hukata ncha ya karara kwa kotama, hufunga kibuyu, na kinachodondoka ni tembo tamu. Baada ya saa kadhaa utamu hupungua na kileo huongezeka: tembo kali. Likiachwa zaidi huwa siki. Maneno haya yanataja hatua za mchakato uleule unaotokea ndani ya pipa la zabibu, na methali ya mgema aliyesifiwa imelihifadhi neno tembo hata vinywani mwa wasiowahi kulionja.

Hata hivyo, kali halitoshi peke yake. Katika tembo, kupungua kwa utamu, kuongezeka kwa kileo na kuanza kwa uchachu huenda pamoja. Katika mvinyo mambo hayo matatu hutengana. Inafaa basi kali libaki kuwa kinyume cha tamu, asidi iitwe uchachu, na nguvu ielezwe kwa kiwango cha kileo.

Mfano ulio wazi zaidi ni tanini, kemikali ya maganda na mbegu za zabibu inayokausha ulimi. Watafsiri hukimbilia "uchungu", nalo ni kosa: uchungu ni wa shubiri. Kila mtoto wa Unguja aliyekula bibo au ndizi mbichi anajua ukakasi, na hakuna istilahi iliyo sahihi zaidi ya hiyo. Vivyo hivyo "mwili": mpishi wa uji anajua mzito na mwepesi, wala hahitaji kiungo cha binadamu.

Kwa nini maneno haya yamepitwa? Sehemu ya jibu imo katika mbinu za ukusanyaji. *Msamiati wa Pekee wa Kikae* wa Haji Chum (1994), kama jina lake linavyoonyesha, unatafuta kilicho cha Makunduchi peke yake. Waunda istilahi nao hutafuta kisichokuwapo kabisa. Ukakasi haumo katika makundi hayo mawili: ni wa watu wote, kwa hiyo hakuna anayeutafuta.

Linabaki neno moja gumu. Kuchacha jikoni ni kuharibika. Mchuzi uliochacha humwagwa. Uchachushaji wa vitabu vya sayansi umeliepuka tatizo hilo kwa kiambishi tu, na mnywaji anayesoma kibandiko cha chupa bado atanusa mchuzi wa jana.