Usinunue Bloku Inayong'aa

Ukipita maduka ya vipuri ya Gerezani siku hizi hukosi kumkuta kijana ameshika bloku mpya ya pikipiki, ile ya kipenyo cha milimita 62, anaigeuzageuza, wenzake wamemzunguka, na mmoja wao anasema, "Hii kali, ona inavyong'aa ndani." Wiki hii nimeyasikia maneno hayohayo kwa fundi mwenye kibao mlangoni na wanafunzi chini yake, akimsifia mteja bloku ambayo mimi nisingeifunga hata kwenye pampu ya maji. Ndani ilikuwa kioo kitupu. Mteja akalipa, akaondoka anacheka. Mtu anayefundisha vijana hana ruhusa ya kusifu kitu cha namna ile.

Nazungumzia injini ya CG, ile ya pushirodi, kwa sababu ndiyo naijua kwa mikono yangu. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya watu wanaopakia mizigo na wasiofungua injini mpaka igome yenyewe. Baadaye viwanda vya China vikaichukua karibu ilivyo, na pikipiki nyingi za SanLG zilizojaa mikoani ni damu hiyohiyo. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni 49.5, jumla cc 124. Weka bloku ya 62 kwenye kranki ileile, unapata cc 149. Huo ndio upanuzi ninaoutambua. Zipo seti za 65 na za 67, za kufikisha cc 164 na 174, na zina wapenzi wake. Mimi sizihesabu. Slivu inabaki nyembamba, gasketi inakosa pa kukalia kati ya shimo na stadi, na anayekuuzia 67 ya kufunga kwenye keshi (gamba la kranki) ya 125 amekuuzia na gasketi za mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye huo mng'ao. Ukuta wa slivu njema ya chuma umefifia, rangi yake ya kijivu. Ukiuelekeza juani unaona mistari myembamba inayopanda ikikatana na inayoshuka, kwa mpangilio mmoja, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Ni alama za mawe ya kusugulia, yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Ndani ya mistari hiyo oili inakaa, hivyo pistoni ikipita inakuta ukuta umelowa. Na ringi mpya, ambayo bado haijazoeana na ukuta, inasagwa taratibu na vilele vya mistari mpaka inakaa duara zima bila kuacha upenyo. Kwenye kioo hakuna cha kuisaga. Ringi inateleza tu, kompresheni inapita pembeni, oili inapanda na kuungua, na masalia yake yanagandia ukutani kuwa utando mgumu. Ukifika hapo, kubadilisha ringi peke yake ni kupoteza hela. Bloku irudi kwenye mawe. Mwenye pikipiki anaona moshi wa buluu, analaumu oili, anabadilisha aina tatu, na bloku iliyosifiwa kwa kung'aa haiulizwi kitu.

Hata anayejua habari ya mistari hutazama pasipostahili. Anatazama katikati ya silinda, mwanga unapoingia kirahisi, na katikati hata mzembe hufanya vizuri. Tazama sentimita ya juu kabisa. Hapo ndipo mawe hugeuza mwendo, na mikono mibovu ikiharakisha, mistari inalala karibu iwe ya mlalo. Na hapohapo ndipo ringi ya juu inaposimama kabla ya kurudi chini, mahali penye joto kubwa na oili haba kuliko kwingine kote. Mistari ikikatana kwa nyuzi kati ya 45 na 60 mpaka juu, mtengenezaji alijua anachofanya. Ikilala sana, oili inabebwa juu. Ikisimama sana, oili yote inateremka kwenye keshi. Kisha pitisha ukucha. Usikie mkwaruzo mwepesi, usinase. Ukinasa, ni mikwaruzo ya kuharibu ringi.

Alikuwepo mzee mmoja mchonga vyuma, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa haitoi bloku mkononi mwake kabla ya kuiosha kwa maji ya moto na sabuni. Vijana walimcheka, wakisema petroli ingetosha. Yeye alichukua bloku waliyoiosha kwa petroli, akapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka cheusi. Ule ni unga wa mawe na chuma, umejificha ndani ya mistari, na petroli haiutoi. Unabaki pale kuila pistoni mpya tangu siku ya kwanza. Aliosha, akafuta, akaosha tena, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia, na hapohapo akapaka oili kabla kutu haijaanza. Pistoni alizipima kwa mizani ya sonara jirani yake. Ya 62 ikiwa nzito mno kuliko ya 56.5 iliyotolewa, aliirudisha dukani, kwa kuwa kranki ilisawazishwa kwa ile ya zamani, na uzito ukizidi mpini wa pikipiki unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Sijaona mtu akifanya hivyo tena.

Matapeli nao wana kazi zao. Mmoja alikuwa anazungushia kidole msasa na kuchora mistari kwenye bloku zilizochakaa. Mistari ya msasa humfichua mwenyewe: haina pembe moja, inapinda, na inaishia pale kidole kilipofika. Wengine wanapuliza rangi ya fedha bloku kuukuu na kuitia kwenye boksi jipya. Hiyo ingiza kidole chini kidogo ya ukingo wa juu. Ukigusa kijingazi, ringi zimeshatembea humo miaka. Angalia pia matundu ya stadi, rangi huingia huko, na bloku ya kiwandani haipakwi rangi ndani ya matundu.

Mengine nayapitia haraka. Pistoni ya kawaida ya kusubu kwenye 62 iachiwe milimita 0.03 hadi 0.04 ukutani, alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo inayobana ikiwa baridi itagoma ikipata joto. Ringi ya juu uisukume ndani peke yake, uinyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake: karibu 0.25 ni sawa. Sinunui pistoni iliyopakwa rangi, wala bloku nyeusi inayometameta, wala seti yenye bendera ya mashindano kwenye boksi. Seti nzuri hufungwa kwa karatasi yenye mafuta na haipigi kelele. Zamani ringi zilikuja hivyo, kila moja na karatasi yake, na muuza duka alikuwa na maikromita juu ya kaunta, na aliona fahari kukukabidhi upime mwenyewe. Leo ukiomba kupima unaambiwa, "Bosi, kama hutaki, acha."

Hedi ndiyo inayosahauliwa baada ya furaha ya bloku. CG125 ina kompresheni ya 9 kwa 1. Ukiacha hedi ileile na chumba chake kilekile juu ya cc 149, inapanda mpaka karibu 10.6. Injini inayopozwa na upepo, imebeba abiria na gunia kwenye mlima, itagonga. Tafuta seti inayokuja na hedi yake ya 150, au pistoni yenye kichwa kilichoshushwa katikati. Muuzaji akikwambia, "Hedi yoyote inaingia," anasema kweli kuhusu boliti tu. Na kabla ya yote pima mdomo wa keshi. Keshi nyingine zinapokea slivu ya 62 bila taabu, nyingine zinataka kuchongwa. Fundi atakayechagua kuikwangua slivu kwa nje ili iingie, mpokonye bloku yako.

Kabureta ya PZ27 inatosha. Usiongozwe na anayetaka kukuuzia ya 30. Ongeza jeti, kisha soma plagi baada ya safari ya kweli: ikiwa nyeupe, ongeza tena kabla pistoni haijatoboka, kahawia, iache. Kuhusu kuizoesha injini mpya, kuitembeza polepole kama mgonjwa kwa mwezi mzima kunarudisha kioo kilekile, kwa sababu ringi hukazwa ukutani na nguvu ya mlipuko. Iwashe, ipate joto, itie mzigo wa wastani kwa vipindi, panda na ushushe gesi, na umwage oili ya kwanza mapema, oili ya kawaida isiyo ya sintetiki. Muuzaji asipokubali uitoe bloku kwenye boksi uende nayo mlangoni penye jua, mrudishie na uvuke barabara. Maduka ya upande wa pili nayo yana 62.